Andiko langu la dagaa limetekwa, sasa wanataka dola 100 walifute

Wakuu, mtanisamehe, naandika nikiwa na hasira. Nimepigwa, na aliyenipiga simjui hata sura.

Miezi mitatu nimeamka saa kumi alfajiri kwenda Igombe, kwa wavuvi hapa Mwanza. Siku za giza tu, maana mbalamwezi ikiwaka wavuvi wa dagaa wanapumzika. Utafiti wangu wa uzamili ulilinganisha dagaa wanaoanikwa mchangani na wa kwenye chanja. Unachukua kilo, unaosha, unachuja, unakausha mchanga uliobaki kwenye beseni, unaupima. Mizani niliazima kwa jamaa anayenunua dhahabu. Mama mmoja mwanikaji alinivumilia nikipekua chanja zake kila wiki, akawa ananiuliza, "Haya mahesabu yako, mwanangu, yatawafikia wakubwa?" Nikamjibu yatafika, mama.

Chuo changu (sikitaji) kinataka uwe umechapisha andiko ndipo ukabidhi tasnifu. Muda ukanibana. Ikaingia barua pepe ya jarida moja la mtandaoni: "Mheshimiwa Profesa Mbobezi". Profesa, mimi niliyepanga chumba kimoja Mabatini! Wakasifu mchango wangu katika magonjwa ya moyo. Hapo ndipo nilipotakiwa kushtuka, lakini mwenye shida hasomi mara mbili.

Nilituma Jumatatu, Jumatano likakubaliwa. Maoni ya mhakiki, yote kwa jumla: "Andiko zuri, rekebisha lugha." Hakuuliza sampuli zilikuwa ngapi. Mtu yeyote aliyewahi kuona dagaa wakianikwa angalau angeuliza mvua iliponyesha nilifanyaje.

Baada ya hapo ndipo ada ikajitokeza, dola 150, ilipwe ndani ya saa 48. Karibu laki nne zikaondoka, hela ya kodi hiyo. Andiko likatoka limebanwa pembeni ya makala ya upasuaji wa goti, na Jedwali la 3 limekatwa katikati. Safu ya mchangani ipo, safu ya chanja haipo. Utafiti wa kulinganisha, upande mmoja hakuna!

Kamati ikalikataa, eti jarida halitambuliki. Sawa. Mbona wakubwa wetu wanapanda vyeo kwa kuhesabiwa maandiko bila mtu kuyafungua? Huyu tapeli wa mtandaoni hakuvunja mlango, aliukuta wazi.

Nikawaandikia waliondoe. Jibu: dola 100 za kuondolea. Na jarida la maana halipokei kitu kilichokwisha kuchapishwa kwingine, kwa hiyo data zangu zimekaa kule kama mateka. Laki nne ningezisahau. Zile alfajiri sizisahau.

Na asije mtu hapa kuponda machapisho huria yote, yaani yale yanayosomwa bure mtandaoni. Sura yangu ya pili nzima nimeijenga kwa pepa za bure, bila hizo mtu wa Mwanza angesoma nini? Kuna majarida huria ya kweli yanayotoza ada na kuisema mapema, mengine hayatozi kabisa, na DOAJ, orodha ya mtandaoni ya majarida huria, imekuwa ikiyaorodhesha tangu 2003. Mimi sikwenda kutazama. Niliringishiwa ISSN nikatulia, kumbe ile ni namba ya utambulisho tu, hata jarida la mapishi linaipata.

Wala si mambo ya jana. Mwaka 2013 mwandishi wa jarida la Science, John Bohannon, alituma andiko la uongo la dawa ya saratani, lenye makosa ya wazi, kwa majarida huria 304, na 157 yakalikubali. Jina la mwandishi alilitunga, na chuo chake akakiweka Asmara. Mwaka 2019 mahakama ya Marekani ikamwamuru mchapishaji mmoja wa India alipe zaidi ya dola milioni 50 kwa kuwahadaa watafiti. Yote hayo yapo wazi, na kwenye semina zetu tunafundishwa tu namna ya kupanga marejeo.

Kuna aliyefanikiwa kuwafanya hawa waondoe andiko lake bila kulipa? Barua ya chuo inasaidia, au wanacheka tu? Nina haraka. Yule mama kanipigia jana, Jumamosi yuko mjini kuuza mzigo Kirumba na anataka nimwoneshe kazi yetu. Nikimfungulia kwenye simu ataukuta mchanga tu, chanja zake hazimo.