Hema, uzio wa kitambaa au vazi la majani: kipi kinamfaa mwindaji wa upinde wa asili?

MvutaUgwe

Wakuu, salaam. Naomba tujadili maficho ya ardhini ya kubeba, kwa ajili yetu tunaowinda kwa upinde mrefu na rikavu, ule wenye ncha zilizopinda kuelekea mbele. Karibu kila ulinganisho ninaousoma umeandikwa na watu wa upinde wa kapi, na shida zao si zetu. Mtu wa kapi akishavuta hadi mwisho, magurudumu yanambebea sehemu kubwa ya uzito, mara nyingi asilimia 70 hadi 85. Anaweza kuvuta upinde mnyama akiwa bado nyuma ya kichaka, akasubiri. Sisi uzito wote uko vidoleni mpaka tuachie. Kwa hiyo tunavuta upinde mnyama akiwa tayari yuko mbele yetu, mita 18 au pungufu. Ule mwendo wa mkono, wa sekunde moja au mbili, ndio maficho yanatakiwa kuufunika.

Nina upinde mrefu wa inchi 66 na rikavu ya inchi 58, zote za nguvu ya kuvuta pauni 45 kwa mvuto wa inchi 28. Ningependa kitu cha kubeba mgongoni, nikisimamishe alfajiri na kukiondoa jioni. Nimebaki na vitatu: hema la kuvizia, lile ambalo kuta zake zinasukumwa nje zikakaza zenyewe, uzio wa kitambaa wenye vigingi, usio na paa, na vazi la majani pamoja na kigoda tu. Mnaotumia hivi vitu, mnachagua kipi?

Kigumba

Hema, mkuu, na sababu umeshaitaja. Ndani kitambaa kimepakwa weusi. Ukifungua dirisha moja la mbele, pengine na la pembeni, ukafunga yote ya nyuma, mnyama anaona tundu jeusi basi. Nimevuta upinde kulungu akiwa amenikazia macho na hakutikisa hata sikio. Nyuma ya uzio usithubutu.

Ila giza hilo linaharibika upesi. Dirisha la nyuma likiwa wazi, mwanga unapita na kila unachofanya kinaonekana. Jua la asubuhi likiingia kwa mbele, uso na mikono vinang'aa. Kwa hiyo ukichagua mahali, tazama upepo kwanza, halafu jua litakuwa wapi saa ile wanyama wanapopita. Na ukiwa ndani vaa nyeusi tupu, pamoja na glavu na kitu cha kufunika uso. Mabaka ya kijani ni ya nje.

BintiPodo

Kaka Kigumba, yote kweli, lakini paa umeliruka. Upinde wa kapi ni mfupi, inchi thelathini na kitu. Wa mwenzetu ni 66! Mahema mengi yana kimo cha sentimita 165 hadi 175 katikati, na kuelekea kuta paa linashuka. Ncha ya juu ikigusa paa wakati wa kuachia, mshale unakwenda unakotaka wenyewe, na mnyama anajeruhiwa. Kwangu mimi hilo ni baya mara nyingi kuliko kuonekana. Mnyama aliyekuona akakimbia yuko mzima.

Ndiyo maana nilihamia uzio. Kimo chake sentimita 90 hadi 120, unakunjwa na kubebwa kwa mkono mmoja. Nakaa nyuma yake mgongo ukiwa kwenye shina pana au mizizi ya mti ulioanguka, umbo langu lipotee. Juu ni wazi, naweza kuinamisha upinde, kugeuka, kupiga goti. Navuta pale kichwa cha mnyama kinapopita nyuma ya mti au anapoinama kula. Mara nyingi nafasi hiyo haiji, na namwacha aende.

Fundi_Mikono

Hili la paa linapimika, tusibishane. Keti karibu na ukuta juu ya kigoda utakachotumia, vuta bila mshale kwa namna ile ile unayopiga, na mwenzako aweke alama ya chaki pale ncha ya juu na ya chini zilipofika. Kisha rudisha ugwe polepole. Usiachie upinde mtupu hata mara moja, kwa sababu nguvu iliyopaswa kwenda na mshale inabaki kwenye mikono ya upinde na inaweza kuipasua.

Utakachokuta kitakuwa karibu na hiki. Mtu wa kimo cha wastani kwenye kigoda cha sentimita 45 jicho lake liko kama sentimita 120 kutoka ardhini, na mshale kama sentimita 10 chini ya jicho. Upinde wa inchi 66 ukivutwa unajikunja, lakini bado ncha ya juu iko zaidi ya sentimita 70 juu ya mshale. Ukiushika wima unahitaji 180 na ziada, kwa hiyo hema la kawaida limekataa. Ukiulaza nusu, ncha inashuka hadi 160 hivi; unaingia katikati ya hema tu, na sisi huwa hatukai katikati. Rikavu ya 58 ncha yake iko kama sentimita 60 juu ya mshale. Ilaze nusu vilevile, ncha inashuka hadi 152 hivi, na unabaki na nafasi ya kupumua. Badilisha kigoda cha 45 kwa cha 30, umepata sentimita 15 nyingine papo hapo.

Ukiinamisha upinde kumbuka ncha ya chini nayo inatoka. Kwa anayevuta kwa mkono wa kulia inakwenda kushoto, kwa hiyo usibane goti na ukuta upande huo.

Wengine watakwambia ununue upinde mfupi zaidi, wa inchi 50 hivi. Kwa mvuto wa inchi 28 sikushauri. Ugwe unakunjika kwa pembe kali, unabana vidole, na kuachia kunakuwa kuchafu. Ile 58 yako inatosha kwa hema. Upinde mrefu uende na uzio.

MvutaUgwe

Fundi, asante sana, hesabu hii sijaiona popote. Swali kwa wa mahema: madirisha mengi yana wavu ambao unaambiwa unaweza kupiga mshale kupitia humo. Kwa mshale wetu wa polepole inafaa?

Kigumba

Toa wavu. Wenye mishale ya kasi na vigumba visivyofunguka wanapiga kupitia humo na wengi wanaridhika. Vigumba vinavyofunguka havifai kabisa, maana vinaweza kufunguka pale pale wavuni. Mshale wetu unatoka kwa mita 50 hivi kwa sekunde, una manyoya mapana, na unapovuka dirisha bado unapinda-pinda kutokana na kuachiwa kwa vidole. Sitaki kitu chochote kiuguse wakati huo. Dirisha wazi, giza likufiche.

Jambo kubwa zaidi kuliko wavu ni ukingo wa chini wa dirisha. Jicho liko juu ya mshale. Unaweza kumwona mnyama mzima, bega liko wazi, na mshale ukaelekea kitambaani. Kabla hujaanza kusubiri, vuta taratibu ukielekeza kila dirisha, kisha tazama mshale wenyewe, usitazame shabaha. Mshale ukiwa umevutwa, kigumba kibaki ndani na kiwe mbali na kitambaa. Wanaoshika vidole vitatu chini ya mshale wana nafuu, maana mshale unakaribia jicho, lakini wapime vilevile.

MzeeNyayo

Wanangu, mnapima mahema vizuri, ila mwenzenu kasema anataka kusimamisha alfajiri na kuondoa jioni. Hapo ndipo hema linashindwa. Bata mzinga mwitu hajali hema lililoota usiku mmoja, atapita hatua chache. Kulungu anajua kila kichaka cha njia yake. Akikuta bonge jipya lenye kona nne, atasimama mbali, atapiga mguu chini, atazunguka kutafuta harufu. Hema la kulungu linakaa wiki kadhaa kabla ya kuingiwa, au linavikwa matawi ya pale pale mpaka kona zipotee, na hata hivyo wengine hawalikubali.

Mimi ni wa vazi la majani. Naketi chini, mgongo kwenye mti, kivulini, upinde umelala mapajani. Nahama upepo ukigeuka. Aliye na hema atabaki akiomba upepo urudi.

Na kama mnafikiri upinde lazima usimamishwe, someni habari za Ishi, yule mtu wa mwisho wa Wayahi, kabila la wenyeji wa asili wa Marekani, aliyejitokeza California mwaka 1911 na kufariki 1916. Daktari wake, Saxton Pope, alijifunza uwindaji kwake na akaandika alichoona. Upinde wake ulikuwa wa inchi 42 hivi, akiushika umelala, na alipenda kupiga akiwa amechuchumaa au amepiga goti. Zoezeni mkao wa chini kwanza. Maficho yoyote yatawafaa baadaye.

Alfajiri

Mzee shikamoo. Naongeza hali ya hewa. Manyoya ya mshale yakilowa yanalala, na mshale hautulii tena. Siku za mvua hema linayalinda, uzio na vazi havilindi. Siku za upepo ni kinyume: kitambaa cha hema kinapigapiga, na lisipofungwa kamba kila kona linaondoka. Velkro za madirisha zifungue zote kabla hakujapambazuka, sauti yake inafika mbali.

BintiPodo

Mzee wangu, nakubali kuhusu bonge jipya. Uzio una nafuu hapo, uko chini na hauna umbo la nyumba, na ukiuchomekea matawi mawili matatu unamezwa.

Niongeze jambo moja kwa MvutaUgwe. Ukichagua hema, fanya mazoezi ukiwa ndani yake. Tunaopiga bila kuona alama, kwa kukazia macho shabaha tu, tunategemea mazingira yote yanayotuzunguka bila kujua. Ukiwa gizani unatazama nje kupitia kidirisha, mazingira hayo yanakatwa, na mpigaji hodari anaanza kupiga juu au chini bila kuelewa kwa nini. Wanaotumia ncha ya mshale kulenga wana tatizo lao: ndani ya giza ncha haionekani vizuri. Wiki chache za kupiga umeketi, ndani, mwanga wa alfajiri na wa jioni, zitakuonyesha umbali wako halisi. Usishangae ukiwa mfupi kuliko ule wa kusimama uwanjani.

Na umbali huo uheshimu. Kwa mita 18 mshale wetu unachukua zaidi ya theluthi moja ya sekunde, wakati sauti ya ugwe inafika kwa sehemu ndogo sana ya muda huo. Kulungu mwenye wasiwasi anakuwa ameshainama mwili mshale haujafika. Funga vibonge vya sufu kwenye ugwe kupunguza sauti, tumia mshale mzito, na msubiri mnyama mtulivu, aliyesimama ubavu au amegeuka kidogo kukupa mgongo. Tukiwa chini mshale unakwenda karibu sambamba na ardhi, kwa hiyo ubavu uliokaa vizuri unapitisha mshale kwenye mapafu yote mawili. Aliyekuelekea kifua, mwache.

Doria

Nawakumbusha usalama. Aliye ndani ya hema haonekani na wanyama, lakini pia haonekani na mwindaji mwingine. Majimbo kadhaa ya Marekani yanataka rangi kali ya chungwa iwekwe nje ya maficho wakati wa msimu wa bunduki, na hata pasipo sheria hiyo mimi ningeiweka. Vigumba vikae kwenye podo lenye kifuniko mpaka mnyama aonekane. Nafasi ya hema ni ndogo na vigumba vyetu vinakata kama wembe. Hakikisha pia sheria ya mahali ulipo inaruhusu upinde. Uingereza, kwa mfano, haikubali kuwinda kwa upinde kabisa.

MvutaUgwe

Wakuu, nimeelewa kwamba nilikuwa natafuta kitu kimoja kwa kazi mbili. Uamuzi: uzio na upinde mrefu kwa siku za kuhama-hama. Hema refu, lenye kimo cha karibu sentimita 200, nitaliweka mapema ukingoni mwa uwazi ambako wanyama wanapita jioni, nilivike matawi, niliache, na humo nitaingia na rikavu. Vazi la majani nitalivaa nyuma ya uzio. Limebaki swali la kigoda. Kile cha miguu mitatu nilichonacho kinazama kwenye udongo laini na kinalia nikigeuka.

Fundi_Mikono

Miguu minne yenye visahani vipana chini, kimo sentimita 30 hadi 35, bila mikono ya kuegemea, maana ugwe na kiwiko vinaikwaa. Kinachozunguka ni kizuri kama hakina sauti. Jaribu dukani ukiwa umekaa kwa uzito wako wote, si kwa kukisukuma na mkono. Ndani ya hema kwangua majani makavu yote hadi udongo utokee kabla hujakiweka. Kisogeze nyuma kidogo ya katikati, kisha vuta tena na kuangalia ncha ya juu, kwa sababu ukirudi nyuma paa nalo linashuka.