Boxer imelala upande wa kulia: ninunue bodi nzima au nitengeneze?

Nyar Maseno

Hamjambo wenzangu. Nina Boxer 150 ambayo kijana mmoja wa kwetu anaendesha boda hapa Maseno. Ijumaa jioni akitoka Luanda na gunia la omena, Probox ilimkata ghafla ikiingia stegi, akalala nayo upande wa kulia. Amechubuka kiwiko na goti tu, namshukuru Mungu. Pikipiki ndiyo imeumia. Saidi kava ya kulia imepasuka, na kile kijiti kinachoingia kwenye mpira kimekatika. Madigadi ya mbele ina ufa unaoanzia kwenye bolti. Kioo cha taa kimevunjika. Tanki limebonyea karibu na shingo ya fremu, pale usukani unapozungukia, lakini halivuji. Pedali ya breki imeingia ndani. Halafu gurudumu likienda mbele sawasawa, usukani unaangalia kushoto.

Fundi wa hapa ameniitisha shilingi 18,000: tanki jipya, kava zote mbili, madigadi, taa na rangi. Kuhusu usukani anasema ataukunja urudi. Hiyo ni karo ya muhula. Mwenye Probox amekubali kuchangia, ila anataka tumalizane bila polisi. Nianzie wapi?

Barasa wa Bungoma

Pole mama. Kava nunua tu, zisikusumbue, spea za Boxer zimejaa kila duka. Ila ukinunua za bei ya chini, beba ile ya zamani dukani muilinganishe matundu kabla hujalipa. Zingine lazima ulazimishe bolti, na kava inayokaa kwa kulazimishwa inapasuka palepale.

Fundi wa Kibuye

Dada, pole, na umpe pole kijana. Niko Kibuye hapa Kisumu, na pikipiki zilizoanguka ndizo kazi yangu. Nakuomba usitoe hata shilingi moja ya rangi kabla hujajua hali ya shoki za mbele na fremu. Inaniuma nikiona pikipiki imeng'arishwa, mwenyewe amelipa, halafu ikishika kasi inavuta upande na abiria yuko nyuma.

Angalia hilo tanki lako. Limebonyea karibu na shingo. Pikipiki ikilala, lami haifiki pale. Hapo pamegongwa na usukani au kichwa cha shoki, maana yake usukani ulizungushwa kwa nguvu ukapita kizuizi chake. Kwa hiyo chunguza kizuizi kile cha chuma chini ya shingo, kisha ufute vumbi na mafuta shingoni uangalie rangi kwa tochi. Rangi iliyojikunja au mstari mwembamba wa kutu ni dalili ya chuma kilichopinda au kupasuka.

Usukani kuangalia kushoto si lazima uwe umepinda. Mara nyingi shoki zimejisokota tu ndani ya vibano vinavyozishika. Mwambie fundi alegeze bolti za kibano cha chini, za kile cha juu, na ekseli. Ashike gurudumu katikati ya magoti, aurudishe usukani, abonyeze shoki mara kadhaa, ndipo akaze. Akikimbilia kukunja bomba la usukani wakati shoki ndizo zimejisokota, utakuwa na makosa mawili yanayofichana. Usukani ukikataa kukaa sawa, shoki zitolewe na bomba zake zibiringishwe juu ya kioo cha dirisha. Iliyopinda utaiona ikiyumba. Ikiwa na mkunjo, usikubali inyooshwe, nunua nyingine.

Mkimaliza, simamisheni pikipiki kwa stendi ya katikati. Zungusha uzi nyuma ya tairi la nyuma, uvute ncha zote mbili mbele, uguse kingo za tairi hilo. Tairi la mbele likiwa limenyooka, nafasi kati yake na uzi iwe sawa kushoto na kulia.

Tanki lisilovuja liache, au lijazwe fila kidogo, ile lipu ya kuziba mbonyeo. Fila nene itapasuka. Lakini mtu yeyote asilete moto wa kuchomelea karibu nalo. Tanki linaloitwa tupu bado lina mvuke wa petroli, na mvuke ndio unaolipuka.

Kava igeuze usome ndani, pamepigwa chapa ABS au PP, hizo ni aina za plastiki. ABS inaungika vizuri. Natoboa tundu dogo mwisho wa ufa usiendelee kukimbia, nachimba mfereji kwa nyuma, nazamisha wavu wa chuma kwa ile chuma ya kulehemu waya za redio, kisha najazia vipande vya ABS vilivyoyeyushwa kwa asetoni. Ikikauka ni msasa, praima, rangi. PP haishiki gundi. Kioo cha taa usikiunge, maji yataingia. Nunua.

Stegi ya Nakuru

Mama, hilo la kumaliza bila polisi lisikupite hivi hivi. Bima ya third party ya pikipiki yako haikulipi uharibifu wa pikipiki yako mwenyewe. Piga ripoti, uchukue namba ya OB (kitabu cha matukio cha polisi) na abstrakti, ile karatasi ya polisi inayothibitisha ajali, upige picha za namba na stika ya bima ya Probox. Picha za pikipiki piga sasa, kabla spana haijagusa kitu. Mkielewana baadaye, andikianeni. Na ukibadilisha rangi ya tanki na kava, hakikisha logibuku ya NTSA, wale wanaosajili magari na pikipiki, inasema rangi hiyo.

Nyar Maseno

Nashukuru sana nyote. Polisi nimeenda, OB ninayo. Fundi alilegeza vibano mbele yangu, usukani umenyooka bila kukunjwa, na uzi uko sawa pande zote. Shingo haina ufa. Kizuizi kimoja kimepinda. Kava ni ABS, madigadi ni PP. Kijana anataka kurudi kazini kesho.

Fundi wa Kibuye

Kesho asirudi, dada. Bila kizuizi usukani utagonga tanki tena na kubana waya za taa. Kinyooshwe kwanza, kisha muangalie mshono wake. Ukiwa na ufa, achomelee mtu anayejua fremu, tanki likiwa limetolewa na kuwekwa mbali, waya za betri zimefunguliwa. Namba ya chesisi mara nyingi iko hapo shingoni, moto wala tupa visiiguse. Madigadi nunua, hiyo inatetemeka juu ya tairi na kipande kikiachia kinaweza kubana gurudumu. Pedali inaweza kunyooshwa ikiwa haina ufa, lakini breki ipimwe upya. Kava niletee na vipande vyote, hata kile kijiti.