Bao nalijua, lakini kwenye Age of Empires II, mchezo wa kompyuta wa kujenga mji na kupigana, wananimaliza. Nianzie wapi?

Mwanagenzi wa Langoni:
Asalaam aleikum. Niko Lamu. Bao nacheza tangu utotoni, na wazee wa baraza letu hunipisha nikae. Ila bao hungoja zamu yako. Mchezo huu haungoji mtu. Nimecheza na watu mara 19, nimeshinda 2. Jana nilitoa askari mapema, jamaa akaniingilia na wapiga mishale nikabaki natazama. Nilirudia rekodi: dakika ya 10 nina wanakijiji (wafanyakazi wangu) 14, na chakula 380 kimelala ghalani. Nishike kabila gani? Kuna mpangilio wa kukariri?

Fundi Vikosi:
Wa aleikum salaam ndugu yangu. Kabila liache kwanza, shida ni hao 14. Mwanakijiji mmoja hugharimu chakula 50 na sekunde 25. Dakika 10 ni sekunde 600, sawa na watu 24. Ongeza 3 unaoanza nao, 27. Toa sekunde 130 za kupanda Zama za Kimwinyi, hatua ya pili ya mchezo, ambapo kituo cha mji (jengo kuu linalozaa wanakijiji) hakizai mtu, bado ungekuwa na 21 au 22. Mwenzako alikuwa na mikono minane zaidi inayokata kuni na kuchimba dhahabu, mishale ile ikatoka humo.

Zoeza vidole: kitufe cha H kinakurudisha kituoni, cha Q kinaagiza mwanakijiji. Hata ukiwa vitani, H, Q. Na nyumba moja hubeba watu 5 tu, basi ijenge kabla nafasi haijajaa. Wageni wengi hukwama hapo bila kujua.

Dada wa Malindi:
Kaka, sikiliza hilo la Fundi. Mimi naongeza nguruwe mwitu, maana wanaoanza humwogopa wakakimbilia mashamba, na shamba linakula kuni. Nguruwe mmoja ni chakula 340, kondoo ni 100. Tuma mtu mmoja mwenye afya kamili, ampige, kisha ageuke akimbie hadi kituoni bila kusimama. Akifika, wale wa kondoo wote wamshukie nguruwe pamoja. Ukichelewa kugeuka, umepoteza mtu. Jaribu peke yako mara kumi kabla ya kukutana na mtu.

Halafu mpelelezi wako wa farasi asisimame. Azunguke mji wako akusanye kondoo, kisha achungulie kwa jirani. Ukiona farasi, toa askari wa mikuki. Ukiona mishale, mikuki itakufa bure. Toa warusha mikuki midogo.

Fundi Vikosi:
Kweli dada, ila mikuki na mishale aiweke wiki ijayo. Wiki hii acheze na kompyuta ya ngazi ya wastani, ahesabu wanakijiji dakika ya 10, basi.

Mwanagenzi wa Langoni:
Nimerudi. Jana baada ya isha nilicheza tatu na kompyuta. Ya kwanza 16, ya pili nguruwe aliniulia mtu, ya tatu 20! Kisha nikaingia kwa watu, nikashindwa, lakini dakika ya 41, na farasi wangu walifika hadi mashambani kwake. Pale dakika ya 6 kituo kilisimama, sijui kwa nini.

Dada wa Malindi:
20 ni nyingi, hongera sana. Fungua rekodi uangalie namba ya watu juu ya skrini dakika hiyo. Nadhani nyumba zilikuishia.