Hoteli zinazojiita "rafiki kwa wazee" zitoe vipimo, au ziache kutudanganya

Ndugu wanajukwaa,

Nafungua uzi huu nikiwa na hasira, na sioni sababu ya kuificha. Nawapangia wazazi wangu mapumziko ya siku chache. Baba hutembea kwa mkongojo na ngazi humchosha haraka. Mama hutumia kiti cha magurudumu kila mwendo unapozidi hatua chache. Hawajaomba anasa. Wanataka mahali watakapoweza kuoga bila kushikwa, kukaa kivulini na kula mezani pamoja na wageni wengine. Kila hoteli niliyoiuliza kama inawafaa ilijibu "ndiyo", na kila "ndiyo" nilipoichimba niliikuta ina ngazi ndani yake.

Hoteli moja ilitangaza kwamba vyumba vyake ni rafiki kwa wazee na watu wenye ulemavu. Nikaomba picha ya bafu, nikatumiwa picha ya kitanda. Nikaomba tena, nikatumiwa ya bustani. Nilipong'ang'ania ndipo mhudumu alipokiri kwamba ndani mna beseni la kuogea ambalo ni lazima mtu ainue mguu na kuvuka ukingo wake, wala ukutani hakuna kishikio, akaongeza kwamba "wazee wengine huwa wanamudu". Wanamudu! Mzee akiteleza bafuni na kuvunjika nyonga, huenda asirudi tena kutembea kama zamani, na hoteli itakuwa imekwisha kumpangishia chumba hicho mgeni mwingine.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba vipimo vipo na vinajulikana. Viwango vya Marekani, kwa mfano, vinataka mlango ukifunguliwa uache nafasi isiyopungua takriban sentimita 81, kiti cha choo kiwe na kimo cha sentimita 43 hadi 48, na kiti cha magurudumu kikigeuzwa kwa mzunguko kipate duara lenye kipenyo cha mita 1.5. Njia ya mteremko isizidi uwiano wa 1 kwa 12, maana yake ngazi tatu zenye jumla ya kimo cha sentimita 45 zinahitaji mteremko wa mita 5.4 au zaidi. Hoteli nyingine iliponihakikishia kuwa "mteremko upo", ilikuwa inazungumzia ubao unaolazwa juu ya ngazi mgeni akifika, na vijana wawili wa kumsukuma. Mama yangu si mzigo wa kusukumwa juu ya ubao mbele ya watu.

Halafu kuna suala la chumba chenyewe. Mara nyingi chumba kilichotengwa kwa mtu mwenye kiti cha magurudumu huwa kimoja tu, mwisho kabisa wa korido, tena chenye kitanda kimoja chembamba, kana kwamba mtu akizeeka huacha kuwa na mwenzi. Wazazi wangu wameishi pamoja miaka mingi, nami nashauriwa niwalaze vyumba tofauti! Na hata ukikubali, huambiwi kuwa chumba ni chako. Unaambiwa utapewa "kikipatikana siku ya kufika". Huko huko Marekani, kanuni zilizoanza kutumika Machi 2012 zinaitaka hoteli ieleze kwa undani sifa za vyumba vya aina hii, ili mtu aamue mwenyewe kama vinamfaa, na mgeni akishaagiza, chumba kitengwe na kiondolewe kwenye orodha ya vilivyo wazi. Kwa hiyo nisiambiwe kuwa jambo hili haliwezekani.

Mashirika ya ndege, pamoja na kasoro zake, angalau yana utaratibu wa kuuliza. Hutofautisha abiria anayeweza kupanda ngazi ila hawezi mwendo mrefu, asiyeweza ngazi ila anajikongoja hadi kwenye kiti chake, na anayehitaji kubebwa hadi kitini. Hoteli ingeuliza hayo tu, ingejua mara moja kwamba baba na mama hawahitaji kitu kimoja. Badala yake wote wawili wanaitwa "wazee", na mazungumzo yanaishia hapo.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu ulipitishwa mwaka 2006, na ibara yake ya 30 inataja wazi haki ya kufika kwenye maeneo ya michezo, burudani na utalii. Sidai fadhila, basi. Nadai mwenye hoteli achukue futi kamba, apime milango, ukingo wa bafu na kila kizingiti kutoka langoni hadi kitandani, kisha aandike namba hizo mahali anapoandika bei. Kazi hiyo haichukui hata asubuhi nzima. Na kama hoteli yake haifai, aseme haifai. Nitamshukuru na nitatafuta kwingine, kwa sababu jibu la kweli linaniokolea nauli na linamwokolea mama aibu ya kukwama mlangoni.

Mwenye kufahamu hoteli iliyompokea mzazi wake ipasavyo, naomba aandike hapa upana wa mlango wa bafu, idadi ya ngazi, na kama chumba kilitunzwa hadi siku ya kufika. Sifa za mandhari zinaweza kusubiri.