Corolla 110: breki haiachii, nifunge ripeakiti, kalipa ya mtumba au mpya ya Kichina?

TausiMweusi
Wakuu, habari za humu. Nina Corolla 110 ya 1998, injini 5A. Breki ikishika haiachii, tairi linachemka hadi harufu ya kuungua inaingia ndani. Fundi wa kwanza anataka ninunue kalipa (vile vibanio vya pedi za breki) za mtumba za Japani, pea nzima. Wa pili anasema ni ripeakiti tu, yaani raba, na kazi imekwisha. Muuza spea wa mtaa wa Gerezani, Dar, naye ananisukumia kalipa mpya ya Kichina. Mwisho wa mwezi napandisha familia Lushoto. Nichukue ipi?

SpanaKumi
Tairi lipi? La mbele au la nyuma, moja au yote mawili? Inashika asubuhi ikiwa baridi, au baada ya foleni? Unauliza bei ya dawa kabla hujasema unaumwa wapi.

Mama_Tabata
Mtumba, kaka, usipoteze muda. Zangu mwaka wa tatu huu sijazigusa. Hizo mpya za bei poa hata bure sichukui.

KibabuChaGereji
Mama Tabata, kalipa ya diski haina springi ya kurudisha pistoni. Kinachoirudisha ni ile raba ya mraba iliyo ndani: ukikanyaga inajipinda, ukiachia inajinyoosha na kuivuta pistoni nyuma kidogo sana, unene wa karatasi hivi. Sasa kalipa ya mtumba inakuja na raba ya umri uleule wa gari lake. Umenunua ugonjwa uleule kwa jina jingine. Mimi ni ripeakiti ya Seiken, nasafisha pistoni, basi. Pistoni ikiwa na vishimo vya kutu ndipo natafuta nyingine, maana raba mpya juu ya kutu haikai.

Mama_Tabata
Mbona zangu zinafanya kazi?

PwaniMotors001
Niko Mombasa. Huku hewa ya chumvi inakula pini za kalipa kabla ya pistoni. Kalipa haitelezi, pedi ya ndani inaisha na ya nje bado nene. Makanika wengi wanapaka grisi ya beringi kwenye zile pini, inafurisha vimpira vyake, mwezi mmoja umerudi palepale. Tafuta grisi ya silikoni. Mwambie fundi akuonyeshe pedi zote mbili kabla hujanunua chochote.

TausiMweusi
Samahani wakuu, ni mbele kushoto. Na gari linavuta kushoto. Asubuhi iko sawa, inaanza nikishatembea kama nusu saa.

SpanaKumi
Hayo ungeyasema mwanzo. Litembeze mpaka lishike, paki sehemu tambarare, weka mawe kwenye matairi ya nyuma, inua mbele kwa jeki na uweke stendi chini. Zungusha tairi kwa mkono. Likigoma, legeza kile kinati cha kutolea upepo kwenye kalipa. Mafuta yakiruka na tairi likalegea, kuna presha iliyonaswa na kalipa yako huenda haina kosa. Tairi likibaki gumu, hapo ndiyo pistoni au pini. Halafu usishike diski, utaacha ngozi pale.

Ngosha_wa_Kahama
Kabla ya yote angalia mafuta ya breki. Kuna kisa. Shemeji yangu aliazima Corolla yangu kwenda Moshi. Njiani akaona mafuta ya breki yamepungua, kijana mmoja akamjazia ATF, ile ya gia boksi na pawa stelingi. Kufika Segera breki ziko sawa. Mbele ya Korogwe pedeli ikawa ngumu, haishuki, gari likawa zito kama linavuta trela. Akaendelea kukanyaga mafuta! Mombo matairi yote manne yanatoa moshi. Kumbe oili ya petroli ikigusa raba za breki zinafura. Tulijua kwa mfuniko wa kopo la mafuta: kale karaba ka ndani kalikuwa kamevimba hadi hakarudi mahali pake. Ilibidi kubadilisha raba za masta silinda (ile pampu inayosukumwa na pedeli ya breki), za kalipa, silinda ndogo za nyuma na mipira yote, na mabomba kusafishwa kwa spiriti. Ile bili nilimpelekea shemeji, mpaka leo anasema atalipa.

Mama_Tabata
Shemeji huyo ni wa kwetu kabisa 😂

KibabuChaGereji
Huyu ni tairi moja, Ngosha. Yangekuwa yote manne ningekubaliana nawe.

TausiMweusi
Nimefanya. Lilipogoma nikalegeza kinati, mafuta yakaruka, meusi kabisa, na tairi likazunguka laini. Kwa hiyo ninunue kalipa ipi?

SpanaKumi
Hujanielewa. Hakuna kalipa. Masta ingekuwa ndiyo mbaya, tairi jingine nalo lingeshika. Mshukiwa ni mpira wa breki unaotoka kwenye bodi kwenda kalipa. Kwa nje unaonekana mzima, ndani umeziba. Mguu wako una nguvu ya kupitisha mafuta, ile raba ya pistoni haina nguvu ya kuyarudisha. Nunua miwili, kushoto na kulia, badilisha mafuta yote, toeni upepo.

PwaniMotors001
Weka mafuta ya breki ya daraja la DOT 4, kwa mlima wa Lushoto. Ikiwa mpya inachemka kuanzia nyuzi 230 za Selsiasi, DOT 3 ni 205. Mafuta ya breki hunyonya unyevu, na yakinyonya hata DOT 3 inashuka hadi 140.

KibabuChaGereji
Mfuniko umeandikwa DOT 3, aweke DOT 3 mpya. Mnampotezea mtu hela.

PwaniMotors001
Zinachanganyika hizo, mzee, ubaya uko wapi?

Mama_Tabata
Mimi bado nasema kalipa. Mpira nao ubadilishe kama unataka.

Ngosha_wa_Kahama
Kushuka Lushoto hadi Mombo usikae na mguu kwenye breki. Zima O/D (ile gia ya juu ya otomatiki), pale pakali weka 2, injini ishike gari.

dogo_wa_Sinza
Hapo unakula mafuta na kuua gia boksi.

Ngosha_wa_Kahama
Gari la EFI ukiachia pedeli ya mafuta kwenye mteremko, kompyuta inakata mafuta yenyewe. Unakula nini?

dogo_wa_Sinza
Kwani lake ni otomatiki? Hajasema.

Neema_SR40
Samahani kuingilia. Noah yangu ikilala na hendibreki kipindi cha mvua, asubuhi tairi la nyuma haliendi mpaka lipige kishindo. Ni mpira huohuo?

KibabuChaGereji
Hapana, hiyo ni kutu ya dramu. Anzisha uzi wako mama, huku tuna kesi ya DOT.