Muosha magari wetu mnayemjua kasugua spoti rimu kwa asidi ya choo, halafu eti "hiyo ndiyo rangi yake halisi"

Mdomo wa Rimu (mtoa mada)

Wakuu, salamu baadaye. Wasimamizi naomba msiunganishe uzi huu na ule wa mafundi wa Dodoma. Huu una hasira yake yenyewe.

Jina simtaji, hakuna haja. Mwenye gari mji huu anamjua: yule wa kontena, mwenye bango la "tunalijali gari lako kama letu". Leo nimeelewa lake analijali vipi.

Spoti rimu nne, inchi 18, mtumba wa Japani, matundu matano ya nati, 5x114.3 (yamekaa kwenye duara la milimita 114.3). Uso una rangi ya kijivu na klia (ule utando angavu wa kulinda rangi) juu yake, mdomo, yaani ukingo wa nje, ni aluminiamu tupu iliyong'arishwa, ukiinama unahesabu meno yako. Zimeingia pale na shida moja tu, vumbi jekundu la kule Mtumba na masizi ya breki. Hiyo ni kazi ya maji, shampuu na brashi laini, dakika kumi kila tairi, habari imeisha. Elfu 40, "huduma kamili".

Zimetoka zimepauka kama goti la mtoto anayechunga mbuzi mwezi wa nane. Mdomo una michirizi myeupe inayoshuka chini, kama mtu aliyelia na poda usoni. Ukipitisha ukucha unakwama. Klia imevimba kuzunguka kila tundu la nati.

Sasa ule wakati wenyewe. Gari limetoka barabarani muda huo huo, breki zinanuka moto, saa saba mchana, jua la huku mnalijua. Kijana amechuchumaa. Mkono wa kushoto chupa ya maji ya kunywa iliyobanduliwa lebo, ndani kitu cha njano kinachochoma pua. Mkono wa kulia STILIWAYA. Ile ile ya sufuria la ubwabwa wa msibani. Anamwaga, povu linapanda. "Unaona povu bosi? Dawa inakula uchafu." Anasugua. Rangi inashuka na maji. Anaulizwa hii ni nini. Anainua uso, mtulivu kama mzee wa kanisa:

"Bosi, hiyo ndiyo rangi yake halisi. Ile ilikuwa uchafu."

Rangi. Yake. Halisi.

Akaja mwenye kontena, akainama, akapitisha kidole, akatikisa kichwa kwa kuridhika: "Zimetakata."

Hata viatu sijavua naandika hapa.

Kijana wa Kizota

"Zimetakata" 😂😂😂 Pole mkuu lakini huyo bwana apewe maua yake.

Nati ya Tano

Kumbe miaka yote tunaendesha uchafu wa kijivu.

Mzee wa Klia

Pole sana mtoa mada. Lile povu halikuwa uchafu unaoliwa, ilikuwa rimu inayoliwa. Dawa za kusafishia masinki kwa kawaida ni asidi ya haidrokloriki. Ikigusa aluminiamu tupu inaitafuna na kutoa gesi ya haidrojeni, na hiyo gesi ndiyo povu lako.

Aluminiamu inajilinda kwa utando mwembamba wa oksaidi, na utando huo unatulia kwenye pH ya kama 4 hadi 8.5. Asidi kali inauvua. Kostiki (soda kali, kinyume cha asidi) nayo inauvua vilevile, kwa hiyo asije mtu hapa akasema angetumia sabuni ya kuondolea grisi ya injini ndiyo salama. Ile mara nyingi ni kostiki, inaacha madoa ya kijivu kilichokolea, na wengine wanaimwaga kwenye rimu kila siku.

Na kwa nini michirizi? Rimu ya moto. Maji yanakauka kwanza, asidi inabaki nzito zaidi, joto linaharakisha kazi yake. Pale ilipotiririka ikakaukia ndipo ilipochimba. Kwenye matundu ya nati klia huwa imeshakwaruzwa kila tairi linapofunguliwa, ndiyo maana imeingilia hapo ikapita chini. Ukiiacha hivyo, baadaye utaona kama minyoo weupe wanatambaa chini ya klia.

Kabla ya hasira fanya hivi LEO: fungua tairi zote nne, maji mengi mbele na nyuma. Vijiko 2 vya chakula vya bikaboneti ya soda kwenye lita 1 ya maji, nyunyizia, subiri dakika 5, suuza tena. Usisahau uso wa nyuma unaokaa kwenye habu (kitovu cha gurudumu), pamoja na nati zenyewe. Asidi inajificha humo.

Mdomo wa Rimu

Asante mzee, ndoo imeshajazwa. Lakini mzee, "hiyo ndiyo rangi yake halisi". Mtu anafuta rangi ya mtu kwa stiliwaya halafu anakufundisha rangi!

Mama Wawili

Stiliwaya tunasugulia sufuria za aluminiamu kwa sababu hazina klia wala haziji na bei ya ng'ombe wawili. Na hata sufuria ikishasuguliwa hivyo ina mikwaruzo kila mahali, uchafu wa kesho unashika zaidi. Rimu ndiyo hivyo hivyo, masizi ya breki yatakaa ndani ya ile mikwaruzo na hayatoki tena kwa shampuu.

Lakini mimi namuuliza mtoa mada, wewe ulikuwa umesimama hapo unatazama povu linapanda, ulikuwa unasubiri lichemke?

Kijana wa Kizota

Alikuwa anasubiri ugali.

Mdomo wa Rimu

Mama Wawili tafadhali. Ilikuwa tairi ya nne ile. Tatu zilishakuwa na rangi zao halisi.

Boda wa Ilazo

Inchi 18, tairi lenye ukuta mwembamba kama chapati, kwenye mitaa yetu hii? Asidi imekuwahi tu mkuu, shimo lilikuwa njiani linakuja.

Kijani cha Zabibu

Mimi nimekwama kwa yule kijana. Alikuwa na glavu? Maana si kila asidi ya rimu ni hiyo ya choo. Kuna dawa za kung'arishia rimu zina asidi ya haidrofloriki au chumvi zake, na mtu akishaimimina kwenye chupa ya maji huwezi kujua. Ile inapenya ngozi, maumivu yanaweza kuchelewa masaa kadhaa, na inashambulia mpaka mfupa. Akisikia vidole vinauma usiku asipake mafuta ya nazi, aende hospitali na aseme ameshika nini. Rimu zinapakwa upya, vidole hapana. Na asidi kwenye chupa ya maji ya kunywa, mji wenye kiu kama huu, Mungu atunusuru.

Mdomo wa Rimu

Hakuwa na glavu. Alikuwa na ndala.

Nati ya Tano

Tuache utani kidogo. Mtoa mada, walizivua tairi? Kama walizivua, angalia mambo haya kabla hujafika barabara ya Iringa.

Kwanza ringi za katikati. Rimu nyingi za spoti tundu la katikati ni milimita 73.1, habu ya Toyota za 5x114.3 ni 60.1. Pengo linazibwa na ringi, mara nyingi ya plastiki. Muoshaji anaivua, inaanguka kwenye tope, hajui ni nini, anafunga bila. Gari likifika spidi 80 usukani unatetemeka, unakimbilia kufanya alaimenti ambayo haina kosa.

Pili nati. Rimu ya spoti inataka nati za koni, nyuzi 60. Nati za rimu orijino za Toyota ni bapa zenye washa. Ukifunga bapa kwenye tundu la koni inagusa ukingo tu, inalegea. Na asikaze kwa kuruka juu ya wili spana. M12 za Toyota hizo zinakazwa kwa Nm 103, kwa mpangilio wa nyota, kwa toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza), halafu rudia baada ya kilomita 50 hadi 100.

Tatu vile vibati vya balansi vya kubandika upande wa ndani. Presha ya maji ikisogezwa karibu hadi sentimita 5 inaving'oa. Mdomo wa presha ukae angalau sentimita 30.

Mdomo wa Rimu

Nimeenda kuangalia.

Ringi mbili hazipo. Mbele kulia na nyuma kulia.

Siwezi kuongea.

Kijana wa Kizota

Hiyo ndiyo hesabu yake halisi bosi. Zile mbili zilikuwa uchafu.

Boda wa Ilazo

😭😭😭 jukwaa lifungwe

Mzee wa Klia

Kijana wa Kizota mwache mtu apumue.

Sasa matengenezo. Mdomo: pitisha ukucha. Kama haukwami popote, polishi ya aluminiamu na kitambaa cha pamba inaweza kutosha. Kama unakwama, na wewe umesema unakwama, ni msasa wa maji. Anza na 400, halafu 600, 800, 1000, 1500, 2000. Kila namba sugua mpaka mikwaruzo ya namba iliyopita iishe kabisa. Ukiruka kutoka 400 kwenda 1000 utaona mawimbi ukishang'arisha, na hapo unarudi mwanzo. Maji yawe na tone la sabuni, badilisha ndoo kila namba, maana chembe moja ya 400 ikiingia kwenye 2000 umejiroga. Mwisho polishi kwa drili yenye sponji, kasi ndogo.

Uso wenye rangi hapana njia ya mkato. Klia iliyovimba haipakwi juu yake. Bandua mpaka chuma, suuza, kausha, praima ya kushikia aluminiamu, rangi, klia yenye hadina (dawa ya kuigandisha) kwa vipimo vya kopo lenyewe, mikono miwili au mitatu myembamba. Ziba matundu ya nati na uso wa nyuma usiingie rangi. Rangi ikikaa pale inasagika, nati zinalegea zenyewe. Na upake asubuhi kabla upepo haujaanza, la sivyo unapaka vumbi la Kizota.

Kijana wa Kizota

Vumbi la Kizota limeingiaje hapa?

Mama Wawili

Rimu bado una bahati, linaonekana kosa. Hao hao wakikuoshea kapeti ndani? Wanamwaga maji na povu, wananyonya juu, wanapuliza harufu ya strobari, unalipa. Chini ya kapeti kuna sponji nene, imelewa maji. Siku ya tatu ukifunga vioo juani gari linanuka kama soksi ya mwanajeshi. Kapeti inaoshwa viti vikiwa vimetolewa, inainuliwa, inakaushwa pande zote mbili, siku nzima. Saa moja na nusu ni kukuuzia ukungu.

Nati ya Tano

Na injini! Presha moja kwa moja kwenye koili. Maji yanakaa kwenye matundu ya plagi, gari linamisi, taa ya injini inawaka, halafu yule yule anakwambia ana fundi wa umeme ndugu yake. Injini inafutwa kwa brashi na kitambaa chenye unyevu, ikiwa imepoa. Mnataka ing'ae kama kabati la vyombo la nini?

Kijani cha Zabibu

Tatizo namba moja la mji huu ni maji, basi. Mengi yanatoka ardhini, visima vya Mzakwe, yana chumvichumvi. Unaosha gari juani, tone linakauka, linaacha kiduara cheupe kwenye kioo na bodi. Mtu anadhani gari halijaoshwa, anarudia na maji yale yale. Osha kivulini, paneli moja moja, kausha kwa taulo la maikrofaiba hapo hapo, usiache likauke lenyewe.

Boda wa Ilazo

Kijani cha Zabibu umegusa. Vile viduara kwenye kioo cha mbele ukiwasha waipa usiku taa za wenzako zinakuwa nyota. Dawa yake nini?

Mdomo wa Rimu

Wakuu turudi kwenye mada. Namuuliza tu mtu yeyote: "Zimetakata"?

Kijani cha Zabibu

Boda, kioo tu: siki nyeupe na maji nusu kwa nusu, loweka kitambaa, kibandike kwenye doa dakika mbili tatu, futa, suuza kwa maji mengi. Doa la muda mrefu halitoki hivyo, linataka polishi ya kioo.

Mama Wawili

Na mpira wa waipa ufutwe pia. Watu wanasafisha kioo, wanaacha mchanga kwenye mpira, unachora upya.

Boda wa Ilazo

Hiyo siki inafaa na mahali pengine?

Kijani cha Zabibu

Siki nayo ni asidi, hata kama ni ndogo. Isifike kwenye aluminiamu tupu, na isikaukie popote.

Boda wa Ilazo

Sawa. Na kama mtu ameshaimwaga kwenye rimu, kabla hujajibu?