Kama kanuni za plazma zinajulikana, kompyuta kubwa hivyo ni ya kazi gani?

Mwalimu wa Mbagala:
Wakuu, habari za jioni. Nafundisha fizikia kidato cha tano na sita huku Mbagala. Juzi nilikuwa kwenye myeyungano wa nyuklia: deuteri na triti, aina mbili nzito za hidrojeni, zinaungana, zinatoa heli na neutroni. Nikawatajia ITER, mtambo wa majaribio wa myeyungano unaojengwa Ufaransa, na plazma yake (gesi ya moto sana ambayo elektroni zimeachana na atomi) itakayofika nyuzi milioni 150 ikiwa imeshikiliwa na sumaku bila kugusa ukuta. Nikaongeza kwamba plazma kama hiyo wanaiiga kwanza kwenye kompyuta kuu, mfano Frontier ya Oak Ridge, Marekani, inayofanya hesabu zaidi ya bilioni bilioni moja kwa sekunde.

Binti mmoja akanyoosha mkono. "Mwalimu, kani ya chaji kwenye uga wa sumaku tumeshaisoma. Newton tumemsoma. Sasa kompyuta inatafuta nini tena?"

Nikamjibu kwamba chembe ni nyingi mno. Akaandika, lakini usoni niliona hajaridhika, na kwa kweli jibu lile halikutosha. Gesi ya kwenye mtungi nayo ina chembe nyingi, na tunaimaliza kwa PV = nRT.

Nyumbani nina laptop ya mtumba niliyonunua Aggrey, RAM GB 8. Humo nimeandika programu ya Python ya mikondo miwili ya elektroni inayopishana kwenye mstari mmoja. Mlalo ni mahali, wima ni kasi. Mwanzoni unaona mistari miwili imenyooka. Baadaye inaanza kutikisika, inapinda, inajisokota hadi inabaki alama kama jicho lililo wazi. Dakika mbili tu imemaliza. Nilipojaribu kuipeleka kwenye vipimo vitatu vya mahali, feni ililia na skrini ikaganda. Mwenye kujua anisaidie, nina kipindi nao Alhamisi.

Kijana wa Sinza:
Mwalimu shikamoo. Shahada yangu ya pili ilikuwa kwenye hesabu za plazma. Binti ameuliza swali lenyewe hasa.

PV = nRT inafanya kazi kwa sababu chembe za kwenye mtungi zinagongana kila wakati, kasi zao zinasawazika, ukijua halijoto umejua yote. Kwenye plazma ya moto ule migongano ni haba. Kila mahali inabidi utunze ni chembe ngapi zinakwenda kasi ipi na upande upi. Kwa hiyo mahali vipimo vitatu, kasi vipimo vitatu. Weka pointi 100 tu kwa kila kipimo: unapata namba trilioni moja, kila moja baiti 8, yaani terabaiti 8 za kumbukumbu, na hapo ni picha ya nukta moja ya wakati. Programu yako ya jicho ina vipimo viwili, ndiyo maana laptop inaimudu.

Afueni ya kwanza inatokana na sumaku. Kwenye uga wa tesla 5 elektroni inazunguka zaidi ya mara bilioni 100 kwa sekunde. Badala ya kufuata kila mzunguko, wanaichukulia kama pete inayoelea. Kipimo kimoja cha kasi kinaondoka, vinabaki vitano, kumbukumbu inashuka hadi GB 80. Ndivyo zinavyofanya programu za GENE iliyoanzia Garching, Ujerumani, na CGYRO ya Marekani.

Lakini kazi nzito iko hapa. Umewahi kusimama Magogoni pantoni ikitia nanga? Kuna wimbi kubwa linalotikisa mitumbwi, na juu ya wimbi hilohilo kuna viwimbi vya upana wa kidole. Ukitaka kuyahesabu yote pamoja, miraba yako iwe midogo kama kiwimbi, na saa yako iende mpaka wimbi kubwa lipite. Plazma ni hivyohivyo: misukosuko ya elektroni ni midogo kuliko ya ioni (atomi zilizopoteza elektroni) karibu mara 60, na yote inatorosha joto. Kwa miaka mingi walihesabu ya ioni peke yake, na kuna nyakati joto lilitoka pungufu kuliko lililopimwa kwenye Alcator C-Mod ya chuo cha MIT, Marekani, iliyokuwa tokamaki, yaani mtambo wa umbo la pete unaoshikilia plazma kwa sumaku. Mwaka 2016 mtafiti Nathan Howard na wenzake walionyesha kwamba ukiiweka misukosuko yote miwili pamoja, hesabu inakubaliana na vipimo. Kila uigaji ulichukua maelfu ya vichakataji kwa zaidi ya mwezi. Mimi habari hiyo ndiyo iliyonifanya nisome fani hii.

Fundi wa Ubungo:
Nimefuatilia kwa makini. Swali langu ni umeme. Hiyo Frontier nasikia inakula megawati 20?

Kijana wa Sinza:
Ndiyo kaka, inafika huko. Mtambo mmoja kati ya tisa ya Bwawa la Julius Nyerere ni megawati 235, kwa hiyo ungeendesha Frontier kama kumi na moja. Ni umeme mwingi. Ila tokamaki ukishaijenga vibaya huwezi kuibomoa uanze upya, na kosa la kwenye kompyuta unalifuta jioni hiyohiyo.

Mwalimu wa Mbagala:
Marahaba mwanangu, Mungu akubariki. Leo nimefundisha. Sikuwapa jibu, niliwaachia ubao wazidishe 100 mara tano wenyewe, halafu mara baiti 8. Walipofika GB 80 darasa lilinyamaza, maana simu zao wanazijua.

Yule binti karudi na lingine: nani kasema pointi 100 zinatosha?

Kijana wa Sinza:
Hakuna aliyesema. Unaongeza pointi mara mbili na kuangalia kama jibu limebadilika. Likibadilika, unaongeza tena. Mwambie apige hesabu ya kumbukumbu kwa pointi 200.

Mwalimu wa Mbagala:
Ameshapiga, ameniletea kwenye karatasi: mara 32, GB 2,560. Na pembeni ameandika kwamba hatua za wakati nazo itabidi zifupishwe.